Haya, Kazi na Daftari la Baba

Huu ni mwaka wa saba ninatengeneza programu za tarakilishi kwa kampuni moja ya Nairobi, nami sijahama Mombasa. Meza yangu iko chumba cha nyuma, baina ya kabati la nguo na dirisha linalotazama ua wa jirani. Kila siku ya kazi, saa tatu asubuhi, hujitanda mtandio, nikawasha kipakatalishi na kuingia mkutanoni na wenzangu tisa, ambao wengi wao sijapata kukutana nao ana kwa ana.

Mwaka wa kwanza mavyaa wangu, Mungu amhifadhi, hakusadiki kwamba hiyo ni kazi. Alikuwa akifungua mlango na kuniambia, mkutano mzima ukisikia, "Mwanangu, madhali umekaa tu, niangalizie mchuzi." Nami nilikuwa nikienda kuuangalia. Simlaumu. Alizoea kwamba mtu wa kazi hutoka asubuhi akarudi jioni amechoka, na mimi nilikuwa nachoka bila ya kutoka. Wageni wakiuliza habari zangu, aliwajibu kuwa nipo nyumbani tu.

Lakini niliyokusudia kuwasimulia, dada zangu, si ya mavyaa. Kule kazini nako nilikuwa "nipo tu", na huko aliyenificha ni mimi mwenyewe.

Wakati huo tulikuwa na mfumo wa kupokea karo za shule kwa njia ya simu. Mzazi akilipa, ujumbe wa uthibitisho huja kwenye mfumo wetu, nao mfumo humwandikia mtoto kuwa amelipiwa. Shule zilipofunguliwa, mhasibu mmoja akalalamika kuwa watoto kadhaa wameandikiwa malipo mara mbili, ilhali fedha zilizoingia benki ni za mara moja. Wengi walidhani wazazi ndio waliokosea. Nilikesha na jambo hilo siku mbili, mwezi wa Ramadhani, baina ya tarawehe na daku. Nikaona kwamba pale mfumo wetu unapochelewa kujibu, ule ujumbe wa uthibitisho hutumwa tena, na sisi huuhesabu wa pili kuwa ni malipo mapya. Dawa yake haikuwa kubwa. Kila malipo huja na nambari yake ya pekee. Basi kabla ya kuandika lolote, mfumo utazame kwanza kama nambari hiyo imekwisha andikwa. Ikiwa imeandikwa, ujibu kuwa umepokea, na usiongeze kitu. Yote hayo ni mistari kumi na minne ya msimbo. Kilichochukua muda ni kuyapitia malipo ya nyuma, moja baada ya jingine, na kuondoa yaliyozidi.

Mkutanoni, mwenzangu mmoja ndiye aliyeeleza lile tatizo na namna lilivyoondoshwa. Alieleza vizuri mno. Hakudai kuwa ni yeye. Alisema "tumelirekebisha", na kila aliyesikia akajaza yaliyobaki. Meneja akampongeza, kisha akauliza kama yupo mwenye neno la kuongeza. Pakawa kimya kwa sekunde tatu, nne. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe cha kufungulia sauti. Sikukibonyeza. Nilijiambia kwamba mwenye haya hajisifu, na kwamba Mola anajua.

Miezi mitano baadaye ikaja tathmini ya mwaka. Meneja aliniambia kwa upole kuwa mimi ni mtu mwema, sina ugomvi na yeyote, lakini hakuona mchango mahususi wa kumwezesha kunitetea nyongeza ya mshahara. Mshahara ukabaki ulivyokuwa. Mimi na mume wangu tulikuwa tumekusudia kumhamisha mwanetu mkubwa shule mwaka huo, na nyongeza ile tulikwisha ipangia matumizi kabla haijafika. Nililia, siwafichi. Hasira zangu hazikuwa kwa meneja sana. Zilikuwa kwa zile sekunde nne.

Marehemu baba yangu alikuwa na duka la vyakula Majengo. Alikuwa mpole, mwenye haya hasa, hainui sauti hata akidhulumiwa. Lakini kila kilichotoka dukani kwa mkopo alikiandika katika daftari lenye jalada jeusi: tarehe, jina, kilo ngapi, shilingi ngapi. Deni la ndugu yake wa tumbo moja aliliandika kama alivyoliandika la mpita njia. Sikupata kusikia mtu akimwita mwenye majivuno kwa sababu ya daftari lile. Nilimkumbuka baba usiku mmoja baada ya tathmini, nikatambua kuwa mimi nami daftari ninalo, ila sijawahi kulifungua.

Sisi watengeneza programu wengi hutumia chombo kiitwacho Git, alichokibuni Linus Torvalds mwaka 2005. Chombo hicho huhifadhi kila badiliko la msimbo pamoja na jina la aliyelifanya, siku, saa, na maelezo yake. Nikafungua kumbukumbu za mwaka mzima. Ile mistari kumi na minne nikaikuta, saa tisa na dakika kumi za usiku, jina langu kando yake. Na maelezo niliyoyaandika? Neno moja: "marekebisho". Baba angelinikaripia. Daftari gani lisilosema kilo ngapi za nini?

Nikakaa wiki nzima nikaandika kurasa mbili: nilifanya nini, lini, ilimfaa nani, na kumbukumbu yake iko wapi. Sikumtaja mwenzangu hata mara moja. Nikaomba nusu saa ya meneja. Alisoma mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Kwa nini hukusema?" Sikuwa na jibu la kumpa. Bajeti ya mwaka ilikwisha fungwa, kwa hivyo sikupata kitu wakati huo. Nyongeza ilikuja mwaka uliofuata, ndogo kuliko niliyoomba. Mwanetu alibaki shule ile ile, na yuko huko hadi leo. Yule mwenzangu nilimpigia simu mwenyewe. Alishtuka, akaniomba radhi, na tangu hapo akieleza jambo humtaja aliyelifanya.

Niliwahi kusoma habari za mama mmoja wa Uingereza, Stephanie Shirley, aliyefika nchini humo mwaka 1939 akiwa mtoto mkimbizi wa miaka mitano. Mwaka 1962 alianzisha kampuni ya programu nyumbani kwake, akaajiri wanawake waliokuwa wameacha kazi kwa ajili ya kulea, kila mmoja akifanyia kazi kwake. Barua zake za kutafuta wateja hazikuwa zikijibiwa mpaka alipoanza kutia sahihi kwa jina la "Steve". Na alipozungumza na wateja kwa simu alikuwa akicheza kanda yenye mlio wa mashine ya chapa, ili kelele za nyumbani zisisikike. Wanawake hao ndio walioandika programu ya kisanduku cheusi cha ndege ya Concorde. Nilicheka nilipofika penye kanda, kwani mimi nilikuwa nikifunga dirisha kwa ajili ya jogoo wa jirani. Siku hizi silifungi. Jogoo anajulikana na kampuni nzima.

Sasa kila Alhamisi jioni huandika mistari mitatu au minne ya kazi ya wiki na kumpelekea meneja. Nikikosea, huandika pia. Mwaka jana nilifuta orodha ya wanafunzi wa shule nzima kwa amri moja ya haraka, nikawa wa kwanza kulisema kabla nakala ya akiba haijarudishwa. Na nilipofanya peke yangu husema "nilifanya". Ulimi ulikuwa mzito mwanzoni, kama wa mtu anayejifunza lugha ya kigeni. Mavyaa naye nilimwonyesha karatasi ya mshahara, nikamweleza ni saa zipi sifunguliwi mlango. Hilo lilihitaji siku moja tu, nami nilikuwa nimelichelewesha mwaka.

Binti wa kaka yangu amemaliza chuo mwaka huu na amepata kazi ya kutengeneza programu. Alikuja juzi, amefurahi, alhamdulillahi. Nikamuuliza mkataba uko wapi. Akasema hajapewa, wamemwambia aanze tu, mshahara watazungumza. Nikamweleza kwamba Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka kazi ya miezi mitatu au zaidi iwe na mkataba wa maandishi, kwamba sheria hiyo hiyo inampa mwanamke likizo ya uzazi ya miezi mitatu kwa mshahara kamili, na kwamba kazi zenye thamani sawa hustahiki malipo sawa. Akatazama chini. "Shangazi," akasema, "si wataniona nina tamaa, hata sijaanza?"

Nikamwambia aje Jumamosi baada ya alasiri, tuiandike barua ya kuuliza pamoja.