Usiokote Faili Njiani

Mpwa wangu,

Mguu wa bibi yako umepungua uvimbe. Mama yako kaniambia kompyuta ya dukani imekataa kufungua programu ya hesabu, inadai VCRUNTIME140.dll halipatikani, nawe umepata tovuti inayogawa faili hilo bure, ila imekutaka kwanza uzime kinga ya virusi. Usizime. Kama umeshazima, iwashe kabla hujaendelea kusoma.

Kwenye chama cha akiba na mikopo nilikoweka hesabu, kijana mmoja alifanya hivyo hivyo. Alipakua faili kwa watu asiowajua, akalitumbukiza ndani ya folda ya System32, programu ikafunguka, akasifiwa. Haukupita muda, kivinjari kikawa kinafungua kurasa za kamari chenyewe, na kila flashi iliyochomekwa, mafaili yake yakageuka njia za mkato. Akaitwa fundi. Fundi hakuuliza kitu, akapiga Windows upya, akafuta diski nzima, na daftari la wanachama likapotea humo. Wazee walikuja na risiti kwenye mifuko ya nailoni, wino umefifia, mmoja akiziinua juani ili tusome tarakimu. Kilichowaokoa ni nakala nilizokuwa nachapisha kila mwisho wa mwezi, zile walizosema namaliza karatasi za ofisi. Risiti zikajazia siku zilizobaki. Hakuna aliyenishukuru mpaka leo.

Ndiyo maana nasema faili hilo usiliokote. Lina kwao: limo kwenye furushi la Microsoft liitwalo Visual C++ Redistributable, ambalo programu nyingi hulitegemea. Lipakue kwenye tovuti ya Microsoft yenyewe, halilipiwi. Weka la x64 na la x86, yote mawili, kwa kuwa programu ya biti 32 huhitaji la x86 hata kwenye Windows ya biti 64. Mara nyingi tatizo huishia hapo.

Likikataa, ondoa programu ya hesabu uisakinishe upya. Lakini kwanza nakili hesabu zote za mama yako kwenye flashi, ulinganishe ukubwa wa mafaili kabla hujagusa chochote. Kisha iondoe kupitia mipangilio ya Windows, si kwa kufuta folda tu. Chagua kuwasha upya, si kuzima, kwa sababu Windows 10 na 11 zikizimwa kwa kawaida huweza kuhifadhi sehemu ya mfumo na kuirudisha vilevile. Halafu futa mabaki yenye jina la programu hiyo kwenye Program Files na AppData, folda hii ya pili imefichwa. Ndipo uisakinishe kutoka kwa walioitengeneza. Tazama pia historia ya kinga ya virusi, huenda yenyewe ndiyo iliyolifungia faili.

Na kama programu hiyo ulipewa imevunjwa kufuli, niambie wazi, nitakuchangia ununue halali.

Ada ya mdogo wako nimeshatuma. Mwambie mama yako asimlipe fundi yeyote kabla hamjanipigia.

Mjomba wako,
Tanga