Kipande Kimoja cha Nanasi

Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba. Nilijifunza methali hii katika mwaka wangu wa kwanza wa masomo ya Kiswahili hapa Kampala. Katika mtihani niliieleza kwa mfano wa mtu anayeweka akiba benki, nami nikapata alama nzuri. Maana yake nyingine nilikuja kufundishwa na mtoto wa miaka mitano nyumbani kwetu Kayunga.

Mtoto huyo ni mpwa wangu. Nitamwita Mukasa, ingawa hilo si jina lake. Mama yake, dada yangu mkubwa, anafanya kazi za ndani huko Omani, na Mukasa analelewa na bibi yetu, ambaye sisi Waganda tunamwita Jaja. Wanaoijua Kayunga wanajua kwamba ni nchi ya mananasi. Sisi nasi tunayalima na kuyauza kando ya barabara, na sehemu kubwa ya karo yangu imetoka katika shamba hilo. Mukasa alianza kunyonya nanasi kabla hajamaliza kuota meno.

Kwa muda mrefu mtoto huyu alikuwa akitokwa na mabaka mekundu yaliyovimba, yakimwasha usiku hata akajikuna mpaka damu. Pua yake iliziba kila mara. Jirani mmoja alisema ni minyoo, mwingine akasema kuna mtu anatuonea wivu. Mwezi wa sita mwaka jana, nikiwa nyumbani kwa likizo, alipata homa, akapewa kidonge cha aspirini kilichonunuliwa dukani. Hazikupita saa mbili, midomo na kope zake zikavimba. Tulimkimbiza hospitali kwa bodaboda, mimi nimempakata nyuma ya dereva, nikisikiliza pumzi yake njia nzima.

Baada ya kumtuliza, daktari alituambia mambo mawili. La kwanza, watoto hawapaswi kupewa aspirini bila agizo la daktari, kwa sababu inaweza kusababisha ugonjwa adimu lakini hatari wa ubongo na ini. La pili, mabaka yale ya miezi mingi yangeweza kuwa na uhusiano na kilichotokea siku ile. Aspirini ni ndugu wa kemikali zinazoitwa salisilati, ambazo mimea mingi hujitengenezea ili kujikinga na wadudu na magonjwa. Jina lenyewe linatokana na Salix, jina la Kilatini la mti ambao magome yake yalitumiwa tangu kale kupunguza maumivu. Watu wengi hula salisilati kila siku bila kudhurika. Wachache miili yao huzikataa zikizidi kiasi fulani.

Hakuna kipimo cha damu cha kuthibitisha jambo hili. Njia iliyopo ni kuondoa vyakula vyenye salisilati nyingi kwa wiki chache, kuangalia kama mtoto anapata nafuu, kisha kuvirudisha kimoja kimoja. Daktari alitupa wiki nne na karatasi moja. Vilivyozuiwa ni nanasi, machungwa, asali, chai, karanga, nyanya na viungo karibu vyote. Vilivyoruhusiwa ni wali, viazi mviringo vilivyomenywa, kabichi, maharage, nyama, mayai, maziwa na ndizi mbivu. Viazi tulitakiwa kuvimenya kwa kina, kwa kuwa salisilati hukaa zaidi kwenye ganda. Mwishoni daktari alisisitiza, “Baada ya wiki nne mrudi. Karatasi hii si ya kudumu.”

Nilirudi nyumbani nikiwa kama askari. Nilibandika karatasi ile ukutani jikoni, nikanunua daftari la kuandika kila alichokula. Jaja alipika sufuria mbili, moja ya familia na nyingine ya Mukasa, isiyo na nyanya wala bizari. Siku ya kwanza Mukasa alionja, akauliza, “Jaja, umesahau mchuzi?” Katika wiki ya tatu ngozi yake ikawa safi. Alilala usiku kucha, na sisi tukalala pia.

Hapo ndipo tulipokosea. Wiki nne zilipoisha hatukurudi hospitali. Nauli ilikuwa shida, ni kweli, lakini sababu kubwa ilikuwa hofu. Nani angetaka kumrudishia nyanya mtoto aliyeacha kujikuna? Mwezi wa nane nilirudi chuoni, nikamwachia Jaja karatasi na daftari.

Huku chuoni nilitafuta habari zaidi. Nilisoma kwamba mwaka 1985 watafiti wa Australia walichapisha vipimo vya salisilati katika vyakula 333. Bizari ya unga ilikuwa na zaidi ya miligramu 200 kwa gramu 100, ilhali nanasi na chungwa vilikuwa na takribani miligramu mbili tu. Nilisoma pia kwamba waliopima baadaye walipata namba tofauti kwa vyakula vilevile, na kwamba wataalamu bado wanabishana kuhusu manufaa ya mlo wa namna hii. Wengi walionya kwamba kumnyima mtoto vyakula vingi kwa muda mrefu bila msimamizi kunaweza kumdhoofisha. Niliyasoma hayo yote, nikachukua namba tu. Nilimpigia Jaja simu, nikamwambia, “Bizari isiguse hata kijiko cha Mukasa.”

Mwezi wa kumi na moja mabaka yakarudi. Jaja hakuwa na daktari karibu, wala mimi. Akafanya alichoona ni busara: kila baka lilipotokea, aliondoa chakula kimoja. Akaondoa mayai. Kisha maziwa. Kisha maharage. Nilipofika nyumbani mwezi wa kumi na mbili, Mukasa alikuwa anakula wali, viazi na kabichi, asubuhi, mchana na jioni. Shuleni watoto walimwita “mtoto wa wali”. Jioni moja nilimkuta nyuma ya nyumba ameshika ganda la nanasi lililotupiwa nguruwe. Alishtuka, akasema, “Shangazi, nilikuwa nanusa tu.” Nilimnyang’anya ganda lile, nikaandika tukio hilo kwenye daftari.

Siku ya pili dada yangu alipiga simu ya video kutoka Omani. Nilimwonyesha mikono ya mtoto ili aone kwamba mabaka yamepungua. Dada hakuitazama mikono. Akauliza, “Mbona shingo ya mwanangu imekuwa nyembamba hivi?” Nilitaka kujibu, nikakosa neno. Mimi niliyekuwa naye chumba kimoja nilikuwa natazama ngozi yake tu. Mama yake, aliye ng’ambo ya bahari, alikuwa amemtazama mtoto.

Kesho yake tulikwenda hospitali. Mwezi wa sita Mukasa alikuwa na kilo 17. Sasa mizani ilionyesha kilo 15 na nusu, katika umri ambao mtoto anatakiwa kuongezeka. Daktari alilipitia daftari langu ukurasa kwa ukurasa, kisha akauliza swali ambalo halikuwamo humo: “Anapakwa nini?” Jaja akatoa kichupa kidogo mkobani. Ilikuwa dawa ya kuchua, ile yenye harufu kali. Tangu mvua za mwezi wa kumi na moja alikuwa akimpaka Mukasa kifuani kila usiku kwa ajili ya mafua. Daktari alisoma maandishi ya kichupa, akatuonyesha neno: methili salisilati. Dawa hiyo hupenya kwenye ngozi na kuingia mwilini. Mayai, maziwa na maharage havikuwa na hatia yoyote.

Jaja alifunika uso kwa leso. Daktari akamwambia kwa upole, “Bibi, ulikuwa unamtibu. Kosa ni kwamba hakuna aliyekuwa pamoja nawe.” Maneno hayo aliambiwa Jaja, lakini mimi ndiye niliyeyasikia zaidi.

Tulianza upya. Mayai, maziwa na maharage vilirudi siku hiyohiyo. Kisha, chini ya usimamizi, tukajaribu vingine: chakula kimoja, kiasi kidogo, siku kadhaa za kungoja. Embe lilipita. Papai likapita. Nyanya mbili katika sufuria ya familia zilipita pia, na Jaja akarudi kupika sufuria moja. Mwisho tukajaribu nanasi. Kipande kimoja hakikuleta shida. Vipande viwili na kikombe cha chai siku moja vilileta mabaka usiku uleule. Hapo nikaielewa methali yangu ya mtihani. Kipande peke yake hakikuwa sumu. Kibaba cha Mukasa ni kidogo kuliko changu, na kinajazwa na vitu vingi: matunda, viungo, chai, hata kichupa cha dawa. Kazi yetu ni kukijua kibaba hicho, si kukiacha kitupu.

Ninawaandikia wenzangu kwa sababu wengi wetu ndio “wasomi” wa familia zetu. Mtoto akiugua nyumbani, simu hupigwa kwetu, nasi hutafuta majibu kwenye intaneti na kutuma amri kijijini. Nimejifunza kwamba orodha ya vyakula vilivyokatazwa ni rahisi kuitii kuliko kumtazama mtoto. Orodha hukupa raha ya kufikiri kwamba unafanya jambo. Anayeshika orodha bila kurudi kwa daktari, bila mizani, na bila kuuliza mtoto anapakwa nini, anaweza kumponya ngozi huku akimdhoofisha mwili.

Sasa Mukasa ana kilo 18. Bado tuna daftari, lakini ukurasa wa kwanza una orodha ya vyakula anavyoweza kula, na aspirini imeandikwa kwa wino mwekundu ndani ya jalada. Kila Jumapili hupata kipande chake kimoja cha nanasi. Hukila polepole sana, na akimaliza huniuliza, “Shangazi, kibaba kimejaa?” Nami humjibu kwamba kimejaa, mpaka Jumapili ijayo.