Jina la Mkwe

Mwaka jana binti yetu aliyeko masomoni Uingereza alituletea barua kwamba ameposwa na kijana wa huko, wa ukoo wa Walker, na kwamba baada ya arusi naye ataitwa vivyo hivyo. Mzee wangu aliiweka barua mezani, chakula asikiguse. Kwetu Burundi kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe, na mke haliachi lake kwa sababu ameolewa.

"Mtembeaji!" akasema. "Mwanangu aitwe Mtembeaji?"

Nami nilidhani ndivyo, kwani Kiingereza cha leo chalitumia neno hilo kwa maana hiyo. Kumbe sivyo. Nilipopekua vitabu niliona kuwa latokana na Kiingereza cha kale, na aliyeitwa hivyo alikuwa mkanyaga nguo. Nguo ya sufu itokapo katika kitanda cha mfumi huwa legelege, tena ina mafuta ya kondoo. Basi ilitiwa chomboni pamoja na maji, udongo wa kufyonza mafuta na (mniwie radhi, akina mama) mkojo uliovunda, ambao hukata mafuta kama sabuni. Mtu aliingia miguu mitupu akaikanyaga kutwa, mpaka nyuzi zikashikamana na nguo ikawa nzito, ya kuhimili baridi. Katika karne ya 12 vinu vya maji vilianza kuichukua kazi hiyo kwa nyundo za mbao. Jina likabaki.

Watu wa kusini-mashariki walimwita Fuller mfanyakazi huyo huyo, na wa Devon wakamwita Tucker. Walker ni la kaskazini zaidi. Kufikia karne ya 14 majina ya namna hiyo yalikuwa yakirithiwa, hata mwana aliyechoma mikate akaitwa kwa kazi ya baba yake.

Nilimsomea mzee hayo yote. Marehemu mama yake alikuwa akifua mablanketi mtoni kwa kuyakanyaga, naye akiwa mtoto akimsaidia. Alinyamaza kitambo.

"Sheria yao yamlazimisha mke?"

"Hapana, ni desturi tu."

"Basi mwandikie. Jina la mkwe silidharau tena. Ila mwulize, lake mwenyewe ataliweka wapi?"

Barua nimeipeleka. Majibu bado.