Swichi Niliyoipakata hadi Meru

Mara yangu ya kwanza kwenda Meru nilipanda matatu Tea Room, Nairobi, alfajiri, nimepakata swichi mpya ya poti 24 kama mgeni aliyebeba jogoo. "Kuna moja imekufa," bosi alisema. "Ya Embu au ya Meru, ukifika utajua."

Makutano tuliiacha barabara ya Sagana tukakata kulia. Ngurubani, mifuko ya pishori ilichungulia dirishani. Kufikia saa nne nilikuwa Embu, katika ofisi ya chama cha akiba, ambapo kompyuta ya mapokezi haikuwa na mtandao.

Kwenye swichi, taa ya poti ya 7 ilikuwa imezima. Nikauhamishia waya poti ya 8: giza. Nikachomeka waya wangu mfupi kutoka poti ya 7 hadi kwenye laptopu: kijani. Basi poti ni nzima. Nikaufuata ule waya kwa vidole hadi nyuma ya kabati la mafaili. Mguu wa kabati ulikuwa umeukalia, nao waya umekuwa bapa kama chapati. Kipande hicho nikakikata, nikakitia mfukoni. Nikazipanga nyuzi nane, nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia, nikabana kichwa kipya. Taa ikawaka.

Kumbe iliyokufa ni ya Meru! Nikapita Runyenjes na Chuka nikijiamini. Kwenye mteremko wa daraja la Nithi abiria wote walinyamaza, hata wale waliokuwa wakibishana siasa tangu Embu. Baada ya Nkubu, kibao cha ikweta kilipita kabla sijatoa simu nikipige picha.

"Muga," mama mhasibu wa ofisi ya Meru alinisalimu. "Kijana, tangu Jumatatu hakuna kinachofunguka. Lakini taa zinawaka vizuri sana."

Zilikuwa zikimetameta zote kwa pamoja bila kupumua. Sikujiuliza mara mbili, nikafunga swichi mpya. Haikupita dakika nayo ikaanza kucheza vilevile. Jasho likanitoka katika baridi ya Meru.

Nikaanza kuchomoa waya mmojammoja. Wa kumi na moja ulipotoka, taa zote zikatulia. Nikauvuta nione unakoenda: ncha yake ya pili ilikuwa katika poti ya 19 ya swichi ileile. Ujumbe unaotumwa kwa kompyuta zote ulikuwa ukitoka huku na kuingia kule, ukizaana bila mwisho hadi ukajaza njia, na swichi ile ya bei nafuu haikuwa na kinga ya kuuzuia.

"Niliuona unaning'inia nikifagia," mfanyakazi mmoja akasema taratibu, "nikaurudisha kwenye shimo lililokuwa wazi."

Nikairudisha swichi ya zamani. Ikafanya kazi.

Kesho yake bosi aliuliza iliyokufa ni ipi. Nikaiweka swichi mpya mezani kwake, na juu yake ile chapati ya waya.