Desimali Sita, Mikromita Moja

Jamani, sisi waandishi wa programu tunapenda desimali kupita kiasi. Chukua mbinu ya mmweko ya kupima upitishaji joto, aliyoitangaza Parker na wenzake huko Marekani mwaka 1961. Unamulika upande mmoja wa kipande chembamba, siku hizi kwa leza, huku kihisio kikifuatilia joto upande wa pili. Pata muda wa kufikia nusu ya kilele, kisha: 0.1388 mara mraba wa unene, gawanya kwa muda huo. Hiyo ndiyo kasi ya joto kusambaa. Izidishe kwa densiti na joto mahususi, basi upitishaji umepatikana.

Sasa tazama huo mraba. Ukikosea unene wa kipande cha milimita 1 kwa milimita 0.01 tu, pungufu ya unywele, kasi hiyo inapotoka kwa karibu asilimia 2. Naweza kuchuja kelele, hata kuweka marekebisho ya Cowan ya 1963 kwa joto linalopotea, lakini programu haiwezi kubahatisha unene.

Kwa hivyo nunua mikromita nzuri, pima mara kadhaa. Na skrini ionyeshe kiasi cha shaka pia: kuna mhandisi atakayeitegemea namba hiyo kupoza chipu.