Shahada Iliyoanzia kwenye Kuni

Wilayani Ngara watu wa rika langu huhesabu miaka kwa wakimbizi: hili lilitokea kabla yao, lile baada yao. Tarehe 28 Aprili 1994 watu waliokuwa wakikimbia Rwanda walimiminika kwenye daraja la Rusumo, na ndani ya saa 24 hivi zaidi ya laki mbili walikuwa wamevuka. Wakapiga kambi Benaco, mahali palipobaki na jina la kampuni ya Kitaliano iliyojenga barabara. Sensa ya 1988 haikuwa imekuta watu wengi kiasi hicho katika wilaya yetu nzima.

Kwetu ni Nyakisasa, upande wa Bushubi, kwa hiyo kambi tuliijua kwa yale yaliyotufikia kutoka huko. Vibarua wa kupalilia migomba wakawa wengi na malipo yakashuka. Kishubi chetu na lugha zao zinasikilizana, hapakuhitajika mkalimani shambani. Mkungu wa ndizi uliokuwa ukiuzwa kwa kubembeleza ukapata wa kuugombania. Mahindi ya msaada yakafika mpaka kwenye magulio yetu, pamoja na maturubai na makopo ya mafuta ya kula.

Shangazi yangu, dada yake baba, alikuwa ameolewa Kasulo, jirani kabisa na Benaco. Likizo zangu za shule ya msingi nilipelekwa kwake kumsaidia kazi. Hapo awali kuni kwa shangazi zilikuwa kazi ya kumaliza kabla ya chai: unatoka, unaokota matawi makavu nyuma ya shamba, unarudi kabla watoto hawajaamka. Mwaka 1995 tulikuwa tukitoka gizani na kurudi jua likiwa la utosi, na tulichobeba ni visiki vilivyochimbuliwa kwa jembe, vyenye udongo bado kwenye mizizi. Miti ilikuwa imekwisha, tukawa tunachoma mashina yake.

Baadaye nilikuja kusoma takwimu zilizotolewa na shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi: katika kambi za mkoa wetu wa Kagera zilikuwa zikiteketea zaidi ya tani 1,200 za kuni kwa siku. Hadi kambi za Wanyarwanda zinafungwa mwishoni mwa 1996, misitu ya kilomita za mraba 570 ilikuwa imeguswa, na 167 kati ya hizo zimeharibiwa vibaya. Lakini sisi hatukuhitaji takwimu. Hukumu ilikuwa imekwishatolewa vijiweni, kanisani na sokoni: wakimbizi wamemaliza msitu. Nami nilikwenda chuo na sentensi hiyo kichwani.

Niliingia Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, mwaka 2006, kusoma sayansi na usimamizi wa mazingira. Pale Mazimbu majengo mengi yalijengwa na wapigania uhuru wa Afrika Kusini kwa ajili ya shule yao, iliyoitwa kwa jina la Solomon Mahlangu, wakayakabidhi kwa Tanzania mwaka 1992. Nilipenda kukaa mahali ambapo watu walijenga wakijua wataondoka, na bado wakajenga imara.

Kozi yetu haikuwa na mwenyewe. Wanafunzi wa misitu walikuwa na miti yao, wa kilimo walikuwa na mashamba yao, wa tiba ya mifugo walikuwa na ng'ombe wao. Sisi asubuhi tulikuwa kwenye kemia ya maji, saa nne kwenye ikolojia, mchana kwenye uchumi wa maliasili, jioni kwenye sheria ya ardhi au sosholojia ya vijijini. Madesa yetu yalikuwa mzigo wa rangi zote. Mabwenini tuliambiwa tunaonja kila chungu bila kushiba, na wakati wa mitihani maneno hayo yaliuma, maana ukipata sapu ya takwimu huwezi kujitetea kwamba sheria unaijua. Wapo waliodisko, wakaondolewa chuoni, kwa somo moja tu ambalo hawakuwahi kuliona kuwa ni lao.

Nchi hii lakini haikuanza juzi kuchanganya fani. Mwaka 1967 Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilianzisha ofisi ya utafiti wa rasilimali na matumizi ya ardhi, BRALUP, ambamo mwanajiografia, mchumi na mtaalamu wa maji walitumwa kuchunguza bonde moja kwa pamoja. Mwaka 1983 ikawa Taasisi ya Tathmini ya Rasilimali. Hiyo ilikuwa kazi ya watafiti waliokwishakomaa, kila mmoja na fani yake. Jambo jipya kwetu lilikuwa kumtwisha mchanganyiko huo kijana aliyetoka kidato cha sita jana.

Somo lililonifungua macho lilikuwa kwenye milima ya Uluguru, juu ya chuo chenyewe. Miaka ya mwanzo ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi kuzuia mmomonyoko. Mabwana shamba walikuwa na hoja: mvua za Uluguru ni kali, na udongo ulikuwa ukishuka mtoni. Ila udongo wenyewe ni mwembamba. Ukichimba ngazi unaufukia ule wenye rutuba na kuleta juu ule usiozaa, tena kwa nguvu za watu wanaotakiwa wakati huohuo wapande chakula. Mwaka 1955 watu walikataa, zikazuka ghasia, na TANU ikapata wafuasi. Mhadhiri wetu alituweka kwenye mteremko, akatuuliza ni fani gani ilikosea. Tulibishana mpaka basi likaanza kupiga honi. Bwana shamba alikuwa sahihi kuhusu maji na hakujua saa za kazi za mama mwenye shamba. Ofisa tawala alijua kodi na hakujua udongo. Kila mmoja alikuwa na kipande cha ukweli, na vipande hivyo viliunganishwa na waliochimba, wakaunganisha kwa hasira.

Tukafundishwa na mfano wa pili, wa Shinyanga. Huko katikati ya miaka ya 1920 na 1940 mapori yalifyekwa ili kumwondoa mbung'o, kazi iliyoonekana ya busara kwa anayetazama ugonjwa peke yake. Mbung'o akapungua, na ardhi ikabaki wazi ikageuka nusu jangwa. Mwaka 1986 ulipoanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, wataalamu walianza kwa kupanda miti ya kwenye vitalu, na nguvu ilipatikana waliporudi kwenye ngitili, desturi ya Wasukuma ya kutenga malisho yapumzike hadi kiangazi. Zaidi ya hekta 300,000 zilirudi kuwa na miti, nyingi bila kupandwa mche. Nilikuwa nikisikiliza hayo huku nikimfikiria shangazi na visiki vyake.

Kwa hiyo mradi wangu wa mwaka wa mwisho niliupeleka Kasulo. Nilikuwa nimeandika dodoso zuri lenye maswali ya aina ya miti, umbali na uzito wa mzigo. Shangazi aliyajibu yote kwa subira, kisha akaniuliza lake.

"Mwanangu, wewe umewahi kupika mahindi mazima?"

Nilikuwa nimepika makande, nikasema ndiyo. Akatikisa kichwa. Akanieleza mgao wa kambini wa miezi ile ya mwanzo: punje kavu ambazo hazikusagwa, na maharage yaliyokaa ghalani muda mrefu yakawa magumu kama kokoto. Chungu kama hicho hukaa motoni tangu asubuhi mpaka jioni. Kuloweka kunapunguza, lakini familia yenye sufuria moja italowekea wapi, wakati sufuria hiyohiyo ndiyo ya uji wa watoto na ndiyo ya kuchotea maji? Siku ilipotolewa unga, alisema, moshi wa kambi ulionekana mwepesi hata kutoka kwake. Wanawake wa Benaco walikuwa wakija kubadilishana: mahindi mengi kwa unga kidogo, wapunjike kwenye kibaba lakini waokoe kuni. Yeye mwenyewe aliwabadilishia.

Halafu akaongeza, kwa sauti ileile ya kawaida, kwamba baiskeli zilizopeleka mizigo ya kuni na nguzo kambini nyingine zilikuwa za vijana wa hapahapa.

Katika dodoso langu hapakuwa na mstari wa kuandika hayo. Niliyaandika nyuma ya karatasi. Usiku ule niliona jinsi mtu aliyekaa ofisini mbali sana, aliyeamua kupeleka punje badala ya unga kwa sababu punje inasafirishwa na kuhifadhiwa kwa urahisi zaidi, alivyokuwa ameamua pia juu ya msitu wa Kasulo. Mashirika yenyewe yalilitambua jambo hilo baadaye: zikaja mashine za kusaga, mafunzo ya kuloweka na ya kufunika chungu, majiko ya udongo, miti iliyowekewa alama isikatwe, na kuni za kuletwa kwa malori. Lakini kule vijiweni hukumu ilibaki ileile, na watu waliofukuzwa na vita ndio walioibeba peke yao.

Mtaalamu wa misitu angehesabu visiki, na angehesabu vizuri kuliko mimi. Wa lishe angepima mgao. Mchumi angefuata bei ya kibaba sokoni na faida ya mwenye baiskeli. Mwanasheria angeuliza msitu ule ulikuwa wa kijiji au wa serikali kuu, na nani alikuwa na haki ya kusema usikatwe. Shangazi aliyaona yote kwa pamoja kwa sababu alikuwa akiyapikia. Shahada niliyosoma ilinipa uwezo wa kumwelewa, na wa kuandika alichosema kwa namna ambayo chuo kingeikubali. Hilo si dogo, na nalitetea mpaka leo.

Ajira ilikuwa hadithi nyingine. Nilihitimu mwaka 2009 na matangazo ya kazi yalitaka mhandisi, afisa misitu, afisa kilimo. Kwenye usaili mmoja niliulizwa kada yangu ni ipi, nikajieleza, na yule bwana akaifunga faili kabla sijamaliza. Kilichotukomboa wengi ni Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayoitaka kila halmashauri iwe na afisa wa mazingira. Sheria ilikuwa na miaka mitano, na viti vilikuwa ndiyo kwanza vinachongwa. Mimi nilipata changu katika halmashauri moja mkoani kwetu.

Hapo ndipo nilipokutana na mnyauko. Ugonjwa huu wa migomba unaletwa na bakteria, na mkoani Kagera ulionekana mwaka 2006 huko Muleba ukasambaa. Mgomba unanyauka, ndizi zinaiva kabla ya wakati, ukikata shina linatoka tope la njano. Kisayansi dawa inajulikana: kata ua dume mapema kwa mti wenye panda, usilikate kwa kisu, kwa maana wadudu huchukua bakteria hapo na kisu hupeleka kwa mgomba unaofuata, ng'oa mgomba mgonjwa, pitisha panga motoni. Nimesimama shambani nikimtazama mzee akiinua ule mti mrefu, akaingiza panda chini ya ua, akazungusha mara moja, ua likaanguka bila utomvu kugusa chuma chochote. Kazi ya sekunde chache. Na bado ugonjwa ulipita kijiji hadi kijiji.

Ulipita kwa sababu panga kwetu ni la kuazimana, na kumwambia jirani alichome kwanza ni kumwambia ana najisi. Ulipita kwa sababu wanunuzi wa ndizi za pombe huingia shamba hili na lile kwa kisu kimoja, tena hununua hata zile zinazoiva kabla ya wakati. Ulipita kwa sababu mjane mwenye migomba michache akiambiwa aing'oe, anauliza atakula nini miezi inayofuata, na sheria ndogo ya halmashauri ilikuwa na faini lakini haikuwa na jibu. Mwenzangu wa kilimo alikuwa bingwa wa bakteria. Mimi nilitumwa kukaa na wapika pombe, na nadhani mazungumzo yale yaliokoa migomba mingi kuliko vipeperushi.

Lakini nimejifunza pia mipaka ya shahada ile. Zilipokuja taarifa za tathmini ya miradi mikubwa, kurasa mamia zenye majedwali ya maji na vumbi, niliweza kuuliza maswali mazuri na sikuweza kuyapima majibu. Anayejua kidogo kila mahali hudanganywa kwa urahisi na anayejua sana mahali pamoja. Ndiyo maana nasema kozi hizi ziwe na uti wa mgongo: kila mwanafunzi achimbe fani moja hadi chini, iwe takwimu, iwe udongo, iwe sheria, ndipo azifuate nyingine.

Ngara ya leo inalihitaji hilo zaidi kuliko ya utoto wangu. Pale Rusumo palipovuka watu 1994 pana mitambo ya umeme ya megawati 80 tunayogawana sawa na Rwanda na Burundi. Mapori ya Burigi, Biharamulo na Kimisi tangu 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Nikeli ya Kabanga ilipata mkataba mpya mwaka 2021, na vijana wa Bushubi wanazungumza habari za betri za magari. Kila moja kati ya hayo linagusa maji, fidia, malisho na bei ya chakula kwa mpigo.

Mwaka huu mtoto wa kaka yangu amemaliza kidato cha sita na anataka kusoma nilichosoma. Kaka alinipigia simu kuniuliza, akimaliza atakuwa nani hasa. Nilimweleza kuhusu afisa mazingira, wakaguzi, migodi, hifadhi. Binti amekwishajaza maombi: mazingira chaguo la kwanza, takwimu la pili. Mimi ningeyageuza, na jambo hilo bado tunabishana.