Wanaoshindania Herufi

Huku Maryland, mwisho wa Mei ukifika, watu wazima na akili zao hukaa mbele ya televisheni kutazama watoto wakitaja herufi. Mtoto wa darasa la saba anasimama kwenye maikrofoni, anasomewa neno ambalo huenda hata mwalimu wake hajapata kulisikia, naye alitaje herufi kwa herufi. Akikosea, kengele inalia, anashuka jukwaani. Ndiyo mashindano ya Scripps, yaliyoanza mwaka 1925. Nilipowasimulia ndugu zangu Tanga wakaniuliza, "Yaani imla?" Naam, imla, ila mshindi anaondoka na dola 50,000.

Ukiyaona maneno yenyewe utawahurumia. Mwaka 2023 Dev Shah alishinda kwa psammophile, kiumbe kipendacho kuishi mchangani. Ile p ya mwanzo haitamkwi, imekaa tu kama mgeni aliyesahau kuaga. Mwaka uliofuata Bruhat Soma alishinda kwa abseil, neno lenye asili ya Kijerumani, kushuka mwambani kwa kamba. Mwaka 2025 ilikuwa zamu ya Faizan Zaki na éclaircissement, Kifaransa kitupu: kuliweka wazi jambo lililofumbika.

Mtoto anaruhusiwa kuuliza maana ya neno na lugha lilikotoka, na hapo ndipo ufundi ulipo. Kiingereza kimekopa huku na huku na mara nyingi kimeyaacha maneno na tahajia za kwao. Akiambiwa ni la Kigiriki, mtoto anaanza kuwinda ps na ph. Maana inamsaidia kuzifikia herufi, basi. Ni mwaka 2021 tu ndipo maswali ya maana yalipoingizwa jukwaani.

Kwetu shindano hili lingekufa asubuhi hiyo hiyo. Mtajie mtoto mkungumanga mara moja, ataandika. Wa kuteleza ni yule anayechanganya r na l, au dh na z, na huyo kosa lake li mdomoni kabla halijafika kwenye kalamu.

Lakini wepesi huu si wa tangu zamani. Waswahili waliandika kwa herufi za Kiarabu kwa karne kadhaa, na katika hati nyingi be moja hubeba b, p na hata mb. Kuandika kulikuwa rahisi. Kazi ilikuwa kusoma, kwa sababu ilibidi ulijue neno ndipo ulitambue. Mwishoni mwa karne ya 19 Mwalimu Sikujua wa Mombasa alikaa na mmisionari William Taylor akimwandikia na kumfafanulia tungo za mshairi Muyaka bin Haji. Bila Sikujua, mengi katika lahaja ya tungo hizo yangebaki wino mtupu. Kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilipokuja kusawazisha tahajia kwa herufi za Kilatini, shida ya herufi ikaisha. Ya maana ikabaki palepale.

Na ndiyo tunayoshindania tangu utoto. Kitendawili! Tega! Aliyeshindwa hapigiwi kengele. Anatoa mji, anayetega anautembelea kwa maneno yake yote ya mbwembwe, kisha anamfumbulia. Malenga nao hufichiana maneno katika mashairi, na anayejibu hutakiwa kufumbua kwa vina na mizani ileile. Kwangu mimi huu ni mchezo bora kuliko ule wa kengele.

Ila huku wametuzidi kwa kamusi. Watoto hawa huipekua Merriam-Webster ukurasa kwa ukurasa. Sisi tunayo Kamusi ya Kiswahili Sanifu tangu 1981, Kamusi la Kiswahili Fasaha la BAKIZA la 2010, na Kamusi Kuu ya BAKITA ya 2015 (ya au la, hata majalada hayajapatana), lakini shuleni kwetu kamusi ilikaa ofisini kwa walimu, kabatini.

Natamani shindano letu wenyewe. Mtoto asomewe hawakuambizana, avue viambishi kimoja kimoja hadharani hadi aufikie mzizi, aufungue kamusini mbele ya watu, aeleze maana. Mmoja angeishia kwenye ambia. Mwingine angeendelea hadi amba, kusema, kitenzi ambacho siku hizi tunakisikia zaidi ndani ya ambaye na kwamba. Waamuzi wangeanza kubishana nani kapata, na hapo ningevuta kiti.